Metropolis ya 1927: tazama dakika zake kwanza

Kabla hujaicheza filamu hii bubu ya Kijerumani, tazama ina dakika ngapi. Ikiwa ni dakika 80 au 90, achana nayo. Ikikaribia saa mbili ina nafuu, lakini endelea kutafuta. Ukikuta yenye dakika kama 150, iliyokarabatiwa na kutolewa mwaka 2010, hiyo ndiyo Metropolis. Tafuta mahali pazuri pa kukaa, maana ni ndefu na inastahili kila dakika yake.

Huo ndio ushauri wa kwanza ninaompa yeyote anayetaka kuingia katika sinema bubu za bunilizi ya kisayansi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiionyesha filamu hii nyumbani, kwa projekta ndogo na ukuta uliopakwa chokaa, mbele ya ndugu, majirani na vijana wa mtaani. Jambo moja limekuwa likijirudia: wengi wanaosema Metropolis haieleweki hawajaiona. Waliona mabaki yake.

Iliongozwa na Fritz Lang, na hadithi yake iliandikwa na mkewe, Thea von Harbou. Kampuni ya filamu ya UFA iliipiga kuanzia Mei 1925 hadi Oktoba 1926 katika studio za Neubabelsberg karibu na Berlin, na gharama zikapita Reichsmark milioni 5, fedha nyingi mno kwa filamu ya wakati ule. Ilizinduliwa Berlin tarehe 10 Januari 1927 ikiwa na mita 4,189 za mkanda. Mwaka haujaisha, mkasi ulikuwa umeshapita. Kwa soko la Marekani, kampuni ya Paramount walimpa mwandishi wa tamthilia Channing Pollock kazi ya kuifupisha na kuiandikia maandishi mapya. UFA nao wakaikata kwa ajili ya kumbi za Ujerumani kwenyewe. Nakala nyingi zilizozagaa mitandaoni ni watoto na wajukuu wa ukataji huo.

Kilichopotea hakikuwa mapambo. Hadithi ni ya jiji ambalo matajiri wanaishi juu na wafanyakazi chini ya ardhi. Katika hadithi kamili, Rotwang, mvumbuzi mwenye mkono wa bandia, alimpenda mwanamke aitwaye Hel. Hel akamwacha, akaolewa na Joh Fredersen, bwana wa jiji, akafa akimzaa mwanawe Freder. Rotwang anaunda roboti, mwanamke wa chuma, ili Hel arudi duniani. Baadaye anapokubali kuipa roboti sura ya Maria, msichana anayewafariji wafanyakazi chini ya ardhi, ndani ya moyo wake anapanga kumwangamiza mtu aliyemchukulia mpenzi wake. Hapo ndipo mambo yote yanaposhikana. Sasa, waliokata nakala ya Marekani waliona jina Hel linafanana mno na neno la Kiingereza la jehanamu, wakaliondoa, na pamoja na jina wakamwondoa mwanamke mwenyewe. Rotwang akabaki mwendawazimu anayeunda roboti bila sababu yoyote ya kibinadamu. Mtazamaji wa leo akiuliza "huyu mzee anataka nini hasa?" hana kosa lolote. Jibu lilitupwa karibu miaka mia moja iliyopita.

Kwa muda mrefu watu waliamini sehemu hizo zimepotea kabisa. Kisha mwaka 2008, katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires, Argentina, ikatambuliwa nakala iliyokuwa karibu kamili. Ilikuwa imenakiliwa kutoka mkanda wa zamani kwenda mkanda mwembamba wa milimita 16, na waliofanya kazi hiyo walinakili kila kitu, uchafu na mikwaruzo pamoja. Takribani dakika 25 zilizorudi kwenye filamu zimetoka huko. Kwa hiyo unapotazama nakala ya 2010, kuna mahali picha itabadilika ghafla: itajaa mistari kama mvua, na itapungua ukubwa kwa sababu mkanda ule mwembamba ulikata sehemu ya pembeni. Usiguse rimoti. Televisheni yako ni nzima. Mimi huwaambia wageni wangu mapema kwamba kila wakionapo mvua hiyo, wanaona kitu ambacho dunia ilikikosa kwa miaka themanini. Basi huanza kuisubiri, na ikija wanasogea mbele kwenye viti.

Mfano mzuri ni mfanyakazi namba 11811, Georgy, anayebadilishana nguo na Freder. Katika nakala fupi anatoweka tu. Katika nakala ndefu tunamfuata akiwa ndani ya suti ya tajiri, akiwa na pesa za tajiri mfukoni, akielekea kwenye klabu ya starehe badala ya mahali alipotumwa, na nyuma yake kuna mpelelezi mrefu mwembamba aliyeigizwa na Fritz Rasp. Mpwa wangu alimwita mpelelezi huyo "yule wa kutisha" tangu alipotokea, ingawa hafanyi lolote ila kusimama na kutazama. Bado zipo sehemu ambazo hazijapatikana, kama vile purukushani kati ya Fredersen na Rotwang. Hapo waliokarabati wameweka maandishi ya kueleza kilichotokea, na ni uungwana kufanya hivyo.

Kama hujawahi kukaa mbele ya sinema bubu hata mara moja, usianze na saa mbili na nusu. Anza na Le Voyage dans la Lune ya Mfaransa Georges Méliès, ya mwaka 1902. Inamalizika ndani ya robo saa. Wanaanga wanarushwa kwa mzinga mkubwa, risasi yao inatua kwenye jicho la mwezi, na wakazi wa mwezini wakipigwa kwa mwavuli wanalipuka kuwa moshi. Tafuta nakala iliyopakwa rangi kwa mkono. Ilipatikana Barcelona mwaka 1993, na ukarabati wake ukaonyeshwa mwaka 2011. Ni nzuri kupita maelezo. Lakini itazame ukiwa macho kamili. Wazee wenye kofia wanaingia nchi ya watu bila hodi, wanawaua wenyeji, mmoja anayeng'ang'ania nyuma ya chombo chao wanafika naye nyumbani akiwa mateka, halafu mji unawafanyia sherehe na kuwavisha nishani. Mtazamaji wa upande wetu wa dunia hahitaji mwalimu wa kumweleza anachokiona hapo. Ifurahie kwa ufundi wake, na hilo nalo uliseme.

Filamu ile haina vibao vya maandishi, yale maneno yanayoonyeshwa kati ya picha, hata kimoja. Enzi za Méliès palikuwa na mtu ukumbini aliyeisimulia kwa sauti wakati picha zikipita. Japani walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, wakiitwa benshi, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna bahati kubwa katika jambo hili. Waliomsikiliza Lufufu Tanzania, au DJ Afro Kenya, wanajua vizuri kwamba msimulizi anaweza kuwa nusu ya filamu. Kwa hiyo usimfukuze mtoto anayeuliza "amesema nini?" Mpe kazi. Nyumbani kwetu, tunapotazama Metropolis, tunamchagua mtu mmoja mwenye sauti nzuri, tunampa maandishi ya filamu mapema, anayapitia na kuyaweka katika Kiswahili chake mwenyewe. Kila kibao cha maandishi kinapotokea, anakisoma. Wasiosoma Kijerumani wala Kiingereza wanaingia ndani ya hadithi mara moja, bibi na watoto pia. Sharti langu ni moja tu: msimulizi asome vibao na anyamaze. Asijaze kila pengo, kwa sababu kwenye Metropolis mapengo hayo yana mwenyewe, nao ni muziki.

Muziki ndio kitu cha pili cha kuangalia baada ya dakika. Gottfried Huppertz aliutunga mahususi kwa filamu hii, na kwenye karatasi zake aliandika alama nyingi za kinachotokea kwenye picha. Alama hizo ndizo zilizowasaidia wakarabati kujua kipande kipi kinakwenda wapi. Nakala ya 2010 inautumia muziki huo kwa okestra kamili. Nakala nyingine za mtandaoni zimebandikiwa kinanda chochote kilichopatikana bure: mafuriko yanawafuata watoto na kinanda kinapiga kama watu wako harusini. Ukikutana na hali hiyo, funga. Ipo pia nakala ya mtunzi wa muziki Giorgio Moroder ya mwaka 1984, fupi, yenye rangi na nyimbo za akina Freddie Mercury. Ina wapenzi wake na sina ugomvi nao. Itazame baadaye, kama kazi ya Moroder.

Ukishapata nakala na spika nzuri, simu iwekwe mbali. Hili silisemi kwa ajili ya adabu. Filamu za leo unaweza kuzifuata kwa masikio huku unakata vitunguu, na hutapotea. Hapa macho yakiondoka kwa nusu dakika umeshapitwa, na hakuna sauti itakayokurudisha. Filamu yenyewe imegawanywa katika sehemu tatu, zenye majina ya kimuziki, na ya kwanza ndiyo ndefu zaidi. Tumia migawanyo hiyo. Washa taa, watu wanywe chai, waulizane, kisha endeleeni. Nimeona watu waliokuwa wakisinzia wakirudi kwenye sehemu ya mwisho wakiwa na hamu kubwa, kwa kuwa walipata nafasi ya kubishana kidogo.

Uigizaji ndio unaowasumbua wengi mwanzoni. Gustav Fröhlich, anayemwigiza Freder, hushika kifua, hupanua macho, hukimbia mikono ikiwa mbele. Watu hucheka. Waache wacheke, itapita. Huo ulikuwa uigizaji wa jukwaani, uliofanywa ili aliyekaa kiti cha nyuma kabisa aelewe bila kusikia neno. Na wala si wote waliigiza hivyo. Mtazame Alfred Abel kama Joh Fredersen: hasogezi zaidi ya nyusi, na jiji zima linamtii. Kisha mtazame Brigitte Helm, ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza, akiigiza wanawake wawili kwa uso mmoja. Maria wa kweli ana mabega laini, mikono inayokusanya watoto. Maria wa bandia ana shingo inayoruka kama imekatika, kope moja iliyoshuka kuliko nyingine, tabasamu lililopinda. Huhitaji kibao cha kukuambia ni yupi. Watoto humtambua kabla ya watu wazima. Helm mwenyewe ndiye pia aliyekuwa ndani ya vazi la roboti, lililotengenezwa na mchongaji Walter Schulze-Mittendorff kwa kufuata umbo la mwili wake, na lilimbana na kumuumiza. Roboti yule wa dhahabu wa filamu za Star Wars alichorwa mwanzo kwa kumtazama huyu.

Kama watu kwenye nakala yako wanatembea mbiombio kama wamechelewa basi, tatizo ni mwendo wa mkanda. Kamera nyingi za zamani zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilitofautiana. Mkanda uliopigwa kwa picha chache kwa sekunde ukionyeshwa kwa picha 24, kila mtu anakimbia. Tafuta nakala nyingine kabla hujahukumu zama nzima.

Vitazame pia vibao vya maandishi vyenyewe. Mwanzoni, maneno yanayotaja mji wa wafanyakazi ulio chini kabisa ya ardhi yanashuka kwenye skrini. Yale ya klabu ya watoto wa matajiri yanapanda. Jina la Babeli linatiririka damu. Hata herufi zimepewa kazi, na nakala za ovyo zimezibadilisha kwa maandishi makavu yaliyosimama tu.

Tuje kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo filamu inapowashinda hata wale waliokuja kwa kusukumwa. Jiji lile lilikuwa kwa sehemu kubwa vielelezo vidogo vya majengo. Eugen Schüfftan alibuni njia ya kuweka kioo mbele ya kamera kwa mshazari, akakwangua sehemu ya rangi ya nyuma ya kioo. Kupitia sehemu iliyokwanguliwa kamera iliwaona waigizaji wa kweli kwa mbali. Sehemu iliyobaki ilirudisha taswira ya kielelezo kilichokuwa pembeni. Vyote viwili vikaingia kwenye mkanda kwa wakati mmoja, na mtu akaonekana amesimama chini ya jengo lisilokuwepo. Magari yanayopita kwenye madaraja yalisogezwa kidogo kidogo kwa mikono, picha moja baada ya nyingine. Pete za mwanga zinazopanda na kushuka kwenye mwili wa roboti zilipatikana kwa kuurudisha mkanda uleule ndani ya kamera na kuupiga tena na tena. Hakuna kompyuta. Mimi huwaeleza watu haya baada ya filamu, kamwe si kabla. Kwanza waamini, kisha wajue.

Na mafuriko! Watoto wale kwenye maji ni watoto wa kweli, mamia yao, wakimzunguka Maria aliyeshikilia kengele ya hatari. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima asiyependa filamu za vita wala za kutisha, alisimama wima katika kipande hicho na hakukaa mpaka maji yalipowaacha.

Msomaji wa Kiswahili aliyekulia karibu na Biblia ana funguo nyingi mkononi. Mashine inayolipuka inageuka kuwa Moleki anayemeza watu. Maria wa bandia anatokea kama yule mwanamke wa Ufunuo sura ya 17. Mnara wa Babeli unasimuliwa na Maria kwa wafanyakazi, lakini ameubadilisha: waliouota mnara na walioujenga walikuwa na lugha moja, na bado hawakuelewana. Kipande hicho kikifika simamisha kidogo. Acha watu wakitafakari.

Sasa yanayokera. Yapo, na sikubali ile hoja ya kwamba ni ya zamani basi tuyanyamazie. Klabu ya starehe imepewa jina la Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Tokyo wa enzi hizo, kana kwamba uovu sharti utoke Mashariki ya mbali. Maria wa bandia anapocheza, chombo anachotokea juu yake kimeshikiliwa na wanaume weusi walioinama, wamewekwa pale kama miguu ya meza. Mara ya kwanza nilipokionyesha kipande hicho, ukimya uliingia chumbani, na tukazungumza juu yake usiku ule kuliko juu ya roboti. Umma wa wafanyakazi nao unaonyeshwa kama kundi linalodanganyika haraka, kiasi cha kuwasahau watoto wao wenyewe chini ya ardhi. Filamu inawahurumia wafanyakazi, ila haiwaheshimu vya kutosha.

Hapo ndipo mwisho wake unaponiuma. Fredersen na Grot, mnyapara wa mashine, wanashikanishwa mikono na Freder mbele ya kanisa kuu, moyo ukiwa mpatanishi wa kichwa na mikono, na filamu inaisha. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliiponda filamu hii hadharani mwaka uleule wa 1927, na Lang mwenyewe miaka mingi baadaye alisema hakukubaliana na wazo hilo. Yeye aliondoka Ujerumani mwaka 1933. Harbou alibaki na akajiunga na chama cha Wanazi. Ukijua hayo, ule mshikano wa mikono unatazamika kwa jicho jingine.

Lakini mtazamaji hahitaji historia ya chama ili agundue kasoro. Rudi kwenye vipande vya mwanzo: saa ya ukutani yenye tarakimu 10 badala ya 12, zamu ya saa 10, wafanyakazi wanaotoka wakitembea kwa nusu ya mwendo wa wanaoingia, vichwa vyote chini. Mtengenezaji filamu aliyeona jambo kama lile, mwendo wa mtu aliyechoka ukilinganishwa na wa mtu anayekwenda kuchoka, alijua kazi ni nini. Binamu yangu anayeshona nguo kiwandani aliitazama filamu yote bila kusema neno. Mikono iliposhikanishwa akauliza kama zamu imepunguzwa. Haijapunguzwa. Hakuna anayeitaja. Nadhani swali lile ni uhakiki bora kuliko kurasa nyingi nilizosoma, na tangu siku hiyo nikiwaonyesha watu filamu hii huwaomba wahesabu mwishoni ni nini hasa kimebadilika kwa mfanyakazi namba 11811.

Ukiipenda, na ukataka nyingine ya Lang na Harbou, tafuta Frau im Mond ya mwaka 1929, inayohusu safari ya roketi kwenda mwezini. Mtaalamu wa roketi Hermann Oberth alikuwa mshauri wao, na ndani yake utaona roketi ya hatua kadhaa ikitolewa kwenye jengo lake ikiwa wima, na kuhesabu kurudi nyuma hadi sifuri kabla ya kuruka, miongo kadhaa kabla dunia haijaona jambo hilo kwa kweli. Nusu yake ya kwanza ni ya polepole, ya wapelelezi na nyaraka zilizoibwa. Vumilia mpaka roketi itoke. Ila usiziunganishe zote mbili usiku mmoja.